Tusimcheke Aliyejaribu Kwanza

(Maneno haya yalisemwa bwaloni na mmoja wa wanafunzi wa zamani, siku ya Mkutano wetu wa Mwaka. Yamechapwa hapa kwa ombi la wanachama.)

Wa Iringa nawaambia kamwene. Wa Mbeya tutasalimiana nje baadaye, maana salamu zetu ni ndefu na Katibu amenipa dakika ishirini tu.

Katibu aliponiandikia, alinitaka niseme na vijana juu ya vyombo vipya na jinsi ya kuvipima, kwa sababu nimekuwa fundi redio pale Mwanjelwa, Mbeya, kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimekubali. Lakini sitaanza na vyombo. Nitaanza na barua yangu.

Naona wazee wenzangu tayari wanacheka. Vijana, niwaeleze kisa chenyewe. Mwaka 2009 niliandika barua katika gazeti hili la chama, kueleza kwamba kutuma fedha kwa simu hakufai. Tangu hapo, kila mwaka baada ya chakula, mtu mmoja husimama juu ya benchi akaisoma barua ile kwa sauti ya mhubiri, na bwalo zima hucheka mpaka machozi. Nami hucheka pamoja nao. Hata mchango wa pilau ya leo tumeutuma kwa simu, na mimi mwenyewe nimetuma wangu nikiwa nimekaa dukani. Kwa hiyo kicheko kina sababu yake.

Lakini mwaka huu nimeomba niisome barua hiyo mimi mwenyewe, tena yote, maana msomaji wenu hurukia mistari mitatu ya mwisho. Na ninayo sababu kubwa kuliko heshima yangu, ambayo nitaifikia.

Mwaka 2009 chama kilikuwa kinachanga fedha za tangi la maji la mabweni. Sisi wa Mbeya tulikuwa wengi, na fedha zetu zilihitajika huku. Kamati ikaniuliza: wewe fundi, hebu jaribu njia hii mpya ya simu, utuambie kama inafaa. Nikaifanya kazi ile kwa uaminifu. Wakati ule kulikuwa na huduma zaidi ya moja. Jina la kampuni niliyoijaribu halina haja hapa.

Nilijaribu mara tatu, zote katika mwezi wa Juni. Mara ya kwanza niliandikishwa kwa kadi yangu ya mpiga kura, nikaweka shilingi 50,000, nikamtumia mwalimu mmoja huku. Ujumbe ulimfika. Akaenda Mafinga kwa wakala, naye wakala akamwambia hana fedha taslimu, arudi kesho. Akarudi kesho, akapewa nusu. Mara ya pili ujumbe uliondoka Mbeya asubuhi ukafika jioni, na katikati sote wawili hatukujua fedha iko wapi. Mara ya tatu mwalimu alikuwa hapa hapa shuleni, na ilibidi apande kilima kile cha nyuma ya shamba la mahindi ili apate mtandao.

Hayo yote nimeyaandika katika barua, na kila neno ni la kweli. Ukihesabu, ni mistari kumi na saba. Kisha nikaongeza mitatu, na ndiyo mnayoisoma kila mwaka: "Kwa hiyo njia hii haifai kwa chama chetu, wala haitawafaa watu wa vijijini. Fedha ni kitu cha kushikwa mkononi. Mweka Hazina aendelee kuzileta mwenyewe kwa basi."

Ndugu zangu, hapo ndipo kosa lilipo. Halimo katika ile mistari kumi na saba.

Sasa nifike kwenye ile sababu kubwa. Kamati iliikubali barua yangu, ikaiweka katika jalada, na ikawa kama sheria. Mwaka 2010 ukapita, hakuna aliyejaribu tena. Mwaka 2011 ukafika. Kufikia wakati huo mawakala walikuwa wamejaa Mbeya mjini, Makambako na Mafinga. Hata fundi wa baiskeli jirani yangu alikuwa wakala. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimtumia dada yangu fedha kwa simu kila mwezi. Lakini sikuiandikia kamati barua ya pili. Sikufikiri kwamba barua ya kwanza bado inatembea.

Novemba 2011 Mweka Hazina wetu wa tawi la Mbeya alipanda basi la alfajiri akiwa na shilingi 1,840,000 ndani ya mfuko, chini ya koti. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300 mpaka Iringa: Uyole, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga. Aliposhuka stendi, katika msongamano, mfuko ulikuwa umepasuliwa kwa wembe na fedha hazimo.

Mnayakumbuka yaliyofuata. Wengine tulimpa pole. Wengine walinong'ona kuwa fedha zimeliwa. Hakuna aliyesema hadharani, na kwa sababu hiyo hakupata nafasi ya kujibu hadharani. Aliuza ng'ombe wawili na viazi vya misimu miwili, akazilipa fedha zote. Kisha akajiuzulu, na tangu siku ile hakuwahi kukaa meza ya mbele. Sitamtaja jina, ingawa wote mnamjua. Yumo humu ndani. Hajawahi kunilaumu hata siku moja.

Nimesema haya ili vijana muone kwamba maneno ya mtu anayeeleza uzuri au ubaya wa chombo kipya si mchezo. Watu huyafuata. Na sasa niseme lile nililokuja kulisema. Barua yangu imeonewa mara mbili. Kamati iliionea kwa kuifuata mwaka 2011 kana kwamba imeandikwa jana. Ninyi mnaionea kwa kuicheka leo kana kwamba imeandikwa jana. Pande zote mbili zimefuta tarehe.

Basi, hukumu ya kwanza juu ya chombo kipya tuipimeje kwa haki? Mimi nina maswali manne.

Swali la kwanza: alikuwa na chombo kipi mkononi, na lini? Nitawapa mfano wa nyumbani kwetu. Marehemu baba yangu alifanya kazi migodini, ng'ambo ya Tunduma, katika nchi ambayo siku hizo iliitwa Rhodesia ya Kaskazini na leo ni Zambia. Alirudi na redio ya duara, ya bati la alumini, rangi ya buluu, iliyofanana kabisa na sufuria. Ilijulikana kwa jina hilo hilo, redio ya sufuria. Historia yake ni hii: mwaka 1949 Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya serikali ya kule, aliishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika, ili waisikilize stesheni ya Lusaka. Bei yake ilikuwa pauni 5. Betri yake iliuzwa peke yake kwa pauni 1 na shilingi 5, na ilidumu kama saa 300.

Fikirini hesabu hiyo. Betri moja ilikuwa robo ya bei ya redio. Redio ile ilitumia valvu, na valvu hula umeme kama moto unavyokula kuni kavu. Mama yangu aliihukumu wiki ya kwanza. Alisema, "Chombo hiki kitakula mshahara wako." Baba akacheka. Lakini betri ilipokwisha, redio ilikaa juu ya kabati miezi mingi, na mama akaifunika kitambaa.

Je, mama alikosea? Hata kidogo. Mwaka 1954 Marekani ikaanza kuuzwa redio ndogo ya transista, Regency TR-1, na katika miaka iliyofuata redio za transista zikaenea duniani kote. Transista haina waya wa kupashwa moto kama valvu, hivyo betri ndogo za tochi zikatosha. Nilipokuwa kidato cha pili hapa, vibanda vya sokoni Iringa vilikuwa vinaimba kutwa. Mtu angeweza kumcheka mama: mbona ulisema redio ni mzigo? Lakini mama hakuhukumu redio ya transista. Alihukumu sufuria ya buluu, kwa mshahara wa mchimba madini, na alisema kweli.

Tena kuna jambo zaidi. Lawama ya mama ndiyo iliyokuwa kazi ya mafundi waliofuata. Kama wote waliotumia redio za kwanza wangesifu tu, nani angehangaika na betri? Mtu anayetaja kasoro za chombo cha kwanza kwa ukweli anamwandikia fundi orodha ya kazi. Kasoro zikisharekebishwa, orodha huonekana kama upuuzi, maana hakuna anayezikumbuka tena.

Swali la pili: alisimama wapi? Hili nalisema kwa kujitetea kidogo, mnisamehe. Nchini Kenya huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007. Hapa kwetu ilianza Aprili 2008. Chombo kilikuwa kile kile, na simu zile zile. Lakini waliolinganisha hesabu za miezi 14 ya mwanzo ya kila nchi walikuta kwamba Kenya ilipata wateja wapatao milioni 2.7 na mawakala wapatao 3,000, na Tanzania wateja wapatao 280,000 na mawakala wapatao 930. Na nchi yetu ni kubwa kuliko Kenya kwa zaidi ya nusu. Wagawe mawakala hao 930 kutoka Tanga mpaka Tunduma na kutoka Mtwara mpaka Bukoba, mwone Mafinga ingepata wangapi, na kila mmoja angekuwa na fedha kiasi gani kwenye droo.

Kwa hiyo Juni 2009 mtu wa Nairobi aliyeandika kwamba njia hii ni ajabu ya karne alikuwa anasema kweli, na mtu wa Mbeya aliyeandika kwamba haimfai alikuwa anasema kweli vile vile. Mtu asiyejua jambo hili atadhani mmoja wao ni mwerevu na mwingine ni mjinga.

Swali la tatu: alikitaka kwa kazi gani, na ana nini cha kupata au kupoteza? Simu ya kwanza ya mkononi kuuzwa kwa watu, Motorola DynaTAC, ilitoka Marekani mwaka 1983 kwa bei ya dola 3,995. Ilikuwa na uzito unaokaribia kilo moja, ikichajiwa saa kumi ili mtu azungumze nusu saa. Kwa tajiri mwenye haraka nusu saa ile ilikuwa mali. Kwa mkulima ingekuwa tofali. Mmoja akisifu na mwingine akilaumu, usiseme wanapingana. Uliza kila mmoja alikuwa anakwenda wapi.

Na juu ya kupata na kupoteza: mwishoni mwa 2008 Kaimu Waziri wa Fedha wa Kenya aliagiza M-Pesa ikaguliwe. Wengi waliona mkono wa mabenki makubwa nyuma ya agizo lile, kwa kuwa mabenki yalikuwa na wateja wa kupoteza. Huduma ikaonekana salama, kazi ikaendelea. Hapa vijana muwe waangalifu. Kujua kwamba msemaji ana maslahi yake si sababu ya kulitupa swali lake. "Je, fedha za watu ziko salama?" ni swali zuri hata likiulizwa na mshindani. Kadhalika sifa zinazotolewa na muuzaji zaweza kuwa za kweli. Maslahi ya msemaji yakufanye ukague mara mbili, yasikufanye uzibe masikio.

Swali la nne ndilo kubwa: alisema nini alichokiona, na alisema nini alichokibashiri? Rudini kwenye barua yangu. Niliona wakala asiye na fedha. Niliona ujumbe uliochelewa. Niliona mwalimu juu ya kilima. Hayo ni ya kuona. Lakini "haitawafaa watu wa vijijini" sikuiona popote. Nilikuwa nimechoka, nimekasirishwa na shilingi zangu 50,000, nikaandika hasira yangu kama kwamba ni kipimo. Sikujiuliza lile ambalo fundi yeyote lazima ajiulize: kasoro hii imo ndani ya chombo, au imo kando yake? Wakala akikosa fedha leo, kesho aweza kuwa nazo. Mtandao usipofika leo, mnara waweza kujengwa. Kasoro zote tatu nilizoziona zilikuwa za kando. Wazo lenyewe, la kutuma thamani bila kubeba noti, halikuwa na kasoro niliyoiona. Ningeandika hivyo, kamati ingejua cha kungojea.

Na wasifuji wa mwanzo wana kosa hilo hilo upande wa pili. Waliona mtu mmoja akipokea fedha dakika moja, wakaandika kwamba shida ya fedha vijijini imekwisha. Haikuwa imekwisha. Ilikuwa mpaka mwaka 2014 ndipo baadhi ya kampuni za simu hapa nchini zilipokubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikaingia. Kabla ya hapo wengi walitembea na kadi mbili tatu za simu mfukoni. Kisha Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, na watu waliokwisha kusahau mabasi wakaanza tena kubeba noti. Tozo hiyo ilipunguzwa mwaka huo huo, na tena mwaka 2022. Kwa hiyo hata ninyi mnaonicheka leo, hukumu yenu ina tarehe. Nayo iandikwe.

Vijana wangu, ninyi mnasoma maoni ya bidhaa kila siku, na kesho mtaulizwa na wazazi wenu: hiki tununue au tuache? Msijibu upesi. Daftari moja ligaweni kurasa mbili. Upande mmoja andikeni "Nimeona", upande wa pili andikeni "Nadhani". Juu kabisa wekeni tarehe, mahali, na aina ya chombo. Pikipiki ya umeme ikiletwa kwenu, msiseme haitapanda mlima wa Ipogolo kuingia Iringa mjini. Pandeni nayo, mkiwa na abiria na gunia, mwandike ilifika wapi. Ikishindwa, semeni imeshindwa, bila woga wa kuchekwa miaka kumi baadaye. Na mwaka ujao ikija nyingine, pandeni tena. Anayejaribu kwanza hutumia fedha yake na muda wake ili wengine wajue. Akisema kweli ya siku yake, ametimiza wajibu, hata kama siku yake imepita.

Mimi nilitimiza wajibu katika mistari kumi na saba. Katika mitatu nilikosa, na kosa kubwa kuliko hiyo mitatu ni kwamba nilipoona mambo yamebadilika, nilinyamaza. Nilikuwa nayo kalamu. Barua ya pili ingenichukua nusu saa. Ningeiandika mwaka 2010, ndugu yetu asingepanda basi lile na mfuko.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa maombi mawili.

La kwanza: barua yangu iendelee kusomwa kila mwaka, maana chakula bila kicheko hakishuki. Lakini isomwe yote, na mwisho wake usomwe mstari huu ninaouongeza leo: "Majaribio haya yalifanywa Juni 2009. Anayesoma baada ya hapo, ajaribu tena."

La pili: katika daftari la hesabu la mwaka 2011, mbele ya shilingi 1,840,000, kuna neno moja tu, "zimepotea". Naomba Katibu aandike chini yake, kwa wino, kwamba fedha zile ziliibwa njiani zikiwa zinabebwa kwa agizo la kamati, kwa ushauri wangu. Na kwamba Mweka Hazina alizilipa zote kwa mali yake, ingawa hakudaiwa. Na kama mkutano utaniruhusu, ningependa leo aje akae hapa mbele, kwenye kiti changu. Mimi nimekwisha kusema. Sina haja nacho tena.